Mbwa kupewa nusukaputi tena na tena kwa ajili ya meno: mwongozo kamili wa kumlinda kila mara

Swali linalowanyima usingizi wenye mbwa wengi linakuja hivi: "Daktari, mwaka jana alilazwa kwa dawa ya usingizi, mwaka juzi pia. Mwili wake utaistahimili nusukaputi nyingine?" Wengine hawaliulizi. Wanaahirisha kimya kimya, mwaka unapita, na mbwa anaendelea kutafunia upande mmoja. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wote hao. Unaanzia siku unapoambiwa kwamba meno yanahitaji kushughulikiwa tena, unapita kwenye maandalizi, siku ya kazi na saa za kuamka, hadi kwenye uamuzi wa lini arudi.

Jibu langu nalitoa mapema ili usome yanayofuata ukiwa umetulia. Idadi ya mara ambazo mbwa amelazwa si hatari kubwa. Kinachoamua usalama ni hali ya mbwa aliyefika siku hiyo, muda atakaokaa amelala, na mtu anayemwangalia tangu anaposinzia hadi anaposimama kwa miguu yake. Yote matatu unaweza kuyaathiri.

Elewa kwanza nini kinajirudia na nini hakijirudii

Dawa za nusukaputi hazirundikani mwilini mwaka hadi mwaka. Isoflureni na sevoflureni, ambazo mbwa huzivuta kama hewa, hutoka kwa njia ileile zilizoingilia, yaani kwa pumzi. Sehemu ya isoflureni inayosagwa na ini haifiki hata asilimia moja. Propofoli inayodungwa kwenye mshipa ili kumlaza hufanya kazi kwa dakika chache tu, kisha mwili huiondoa. Mbwa aliyelazwa mwezi Machi hana mabaki ya dawa hizo mwezi Aprili, sembuse mwaka unaofuata.

Ushahidi ulio wazi zaidi uko kwa mbwa wenye saratani wanaotibiwa kwa mionzi. Ili mionzi ipige pale inapotakiwa, mbwa lazima atulie kabisa, kwa hiyo hupewa nusukaputi kila anapotibiwa. Matibabu kamili mara nyingi huendelea Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki tatu au nne, yaani nusukaputi 15 hadi 20 ndani ya mwezi mmoja, kwa mnyama ambaye tayari ni mgonjwa. Wengi wao huvuka salama. Lakini nisikupotoshe: nusukaputi za mionzi ni fupi, wakati kazi ya meno yenye kung'oa inaweza kuchukua saa mbili au zaidi, mdomo ukiwa umeloa maji. Tofauti hiyo ndiyo inayoonyesha mahali pa kuelekeza nguvu zako.

Kuna namba mbili za kukumbuka. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2008 ulifuatilia mbwa zaidi ya 98,000 waliopewa nusukaputi au dawa ya kutuliza kwa sababu mbalimbali. Miongoni mwa mbwa wenye afya, vifo vilivyohusishwa na nusukaputi vilikuwa takriban asilimia 0.05, yaani mbwa mmoja katika takriban 1,850. Miongoni mwa mbwa wagonjwa vilikuwa asilimia 1.33, mmoja katika 75. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba karibu nusu ya vifo vya mbwa vilitokea baada ya kazi kumalizika, vingi katika saa tatu za mwanzo. Yaani hali ya mbwa kabla ya kulala, na macho ya watu baada ya dawa kuzimwa, ni mambo mazito kuliko hesabu ya mara ngapi.

Kinachobadilika kati ya nusukaputi moja na nyingine ni mbwa mwenyewe. Mbwa aliyelazwa akiwa na miaka minne, kisha saba, kisha kumi, hajabeba dozi za nyuma, amebeba miaka. Pengine vali ya moyo imeanza kuvuja, figo zimechoka, ameongezeka uzito. Ndiyo maana maneno "mara zote zilizopita alikuwa sawa" hayatoshi kuwa kibali cha safari hii.

Hatua ya kwanza: hakikisha kazi inahitajika, na usikimbilie njia ya mkato

Mbwa ana meno 42, na sehemu kubwa ya kila jino imefichwa ndani ya ufizi na mfupa. Ukoga mgumu wa kahawia unaouona juu ya magego unachukiza, lakini wenye madhara ni ule ulio chini ya ufizi, unaokula nyuzi na mfupa unaolishikilia jino. Dalili za kuchukulia kwa uzito ni harufu ya uozo, ufizi unaotoa damu au usaha, jino linalotikisika, jino lililovunjika hadi kiini kikaonekana, uvimbe chini ya jicho, ambao mara nyingi hutokana na jipu kwenye mzizi wa gego kubwa la juu, na kupiga chafya upande mmoja baada ya kula. Usisubiri aache kula. Mbwa wengi wenye meno yanayouma vibaya hula sahani ikaisha. Ni baada ya kutibiwa ndipo mwenyewe anagundua kwamba mnyama alikuwa amepoa kwa miezi.

Kuahirisha nako kuna hatari yake, na haipati kuzungumzwa vya kutosha. Kwa mbwa wadogo, mfupa wa taya la chini unaweza kuliwa hadi ukavunjika kwa kutafuna kitu cha kawaida tu. Jino ambalo lingesafishwa kwa dakika chache mwaka huu, mwaka ujao litakuwa la kung'olewa kwa upasuaji. Mwenye kuahirisha akikwepa nusukaputi fupi ya mbwa wa miaka saba, mara nyingi anajiwekea nusukaputi ndefu ya mbwa wa miaka tisa.

Hapa ndipo wenye hofu hukutana na tangazo la kusafisha meno ya mbwa akiwa macho. Nakusihi usiifuate njia hiyo. Mbwa aliyeshikwa kwa nguvu huku akikwanguliwa kwa chuma hawezi kusafishwa chini ya ufizi wala upande wa ndani wa meno, hapigwi eksirei, na jino lililokwanguliwa bila kung'arishwa hubaki na mikwaruzo inayoshika ukoga upesi zaidi. Meno yanatoka meupe, ugonjwa unabaki palepale. Chama cha kimataifa cha madaktari wa wanyama wadogo, WSAVA, na chuo cha Marekani cha mabingwa wa meno ya wanyama, AVDC, vyote vinaipinga kazi hiyo. Weupe ule ndio unaodanganya, kwa sababu unamfanya mwenye mbwa aamini kwamba tatizo limekwisha.

Hatua ya pili: kusanya karatasi za nusukaputi zilizopita

Hii ndiyo faida kubwa ya mbwa aliyewahi kulazwa, na wenye mbwa wengi hawaitumii. Kliniki inayofanya kazi vizuri hujaza karatasi wakati mbwa amelala: dawa na dozi, halafu mapigo ya moyo, pumzi, presha, oksijeni na joto, kwa kawaida kila baada ya dakika tano. Karatasi hiyo ni sehemu ya kumbukumbu za mbwa wako, omba nakala.

Chukua mfano wa karatasi moja hivi. Saa 4:40 wastani wa presha ni 74. Saa 4:50 umeshuka hadi 57, chini ya 60 ambayo madaktari huitazama kama mpaka. Pembeni pameandikwa kwamba isoflureni ilipunguzwa kutoka asilimia 2 hadi 1.5 na maji ya dripu yakaongezwa. Saa 5:05 presha ni 68. Chini kabisa, joto lilianza 38.4, mwisho ni 35.9, na mbwa alichukua dakika 50 kuinua kichwa. Ukimpa daktari mpya karatasi hiyo, atajua kwamba mbwa huyu presha yake huanguka mapema akipewa hewa nyingi ya usingizi, kwamba anapoa upesi, na kwamba ukawiaji wake wa kuamka pengine ulitokana na baridi wala si dawa. Ataanza na dozi ndogo, atategemea zaidi ganzi ya mdomoni, atamfunika mapema. Nusukaputi ya nne yenye karatasi tatu za nyuma ina taarifa ambazo ya kwanza haikuwa nazo.

Usipopata karatasi, andika unachokumbuka: alitapika? alilia akiamka? alikohoa siku ngapi? alikataa chakula hadi lini? Ongeza dawa zote anazotumia, hata za minyoo na virutubisho. Taja pia asili yake kama unaijua. Collie na jamaa zake wengi hubeba hitilafu ya jeni iitwayo MDR1, inayowafanya wapate usingizi mzito wa muda mrefu kwa dozi za kawaida za dawa za kutuliza kama asepromazini na butorfanoli. Greyhound huchelewa kuamka kutokana na baadhi ya dawa za mshipani. Mbwa wa pua fupi kama pug na bulldog wana njia nyembamba ya hewa, na kwao hatari huongezeka zaidi pale mpira wa kupumulia unapotolewa.

Hatua ya tatu: uchunguzi wa sasa, si wa mwaka jana

Panga uchunguzi siku kadhaa kabla ya kazi, ili majibu yakiwa mabaya pawepo muda wa kutibu kwanza. Daktari asikilize moyo na mapafu, apime uzito upya, achukue damu: wingi wa chembe nyekundu, protini, sukari, figo, ini. Kwa mbwa mzee mkojo pia upimwe, kwa sababu figo huanza kupoteza uwezo wa kukoleza mkojo kabla damu haijaonyesha kitu. Moyo ukiwa na mnung'uniko ambao haukuwepo safari iliyopita, picha ya mawimbi ya sauti ya moyo na presha vifanyike kabla ya kupanga tarehe.

Baada ya hapo mbwa hupewa daraja la hatari, la 1 hadi la 5, kwa mfumo wa ASA uliotoka kwa madaktari wa usingizi wa binadamu. Daraja la 1 ni mzima kabisa, la 2 ana ugonjwa mdogo uliodhibitiwa, la 3 ana ugonjwa unaomsumbua, la 4 maisha yake yako hatarini, la 5 yu mahututi. Uliza: "Mbwa wangu ni daraja la ngapi leo, na mara iliyopita alikuwa la ngapi?" Mbwa aliyekuwa la 2 akiwa sasa la 3, mpango mzima unapaswa kubadilika, na inawezekana ukapaswa kuhamia kwenye kliniki yenye bingwa wa usingizi.

Uzee peke yake haumtoi mbwa kwenye orodha. Mbwa wa miaka 13 mwenye moyo na figo nzuri anaweza kuwa salama kuliko wa miaka sita mwenye kisukari kisichodhibitiwa. Ila uzee unapunguza akiba ya mwili, kwa hiyo unadai dozi ndogo na uangalizi wa karibu.

Hatua ya nne: maswali ya kuuliza kliniki

Daktari mzuri hakasirishwi na maswali haya. Uliza kwa heshima, sikiliza jibu hadi mwisho.

- Nani atamwangalia akiwa amelala, na je, mtu huyo atakuwa na kazi hiyo tu? Anayesafisha meno hawezi wakati huohuo kuwa ndiye anayesoma presha.
- Atawekewa kanyula (kijibomba chembamba cha kupitishia dawa) mshipani na mpira wa kupumulia wenye puto? Kwenye kazi ya meno mpira huo ni lazima, hata kwa usafishaji mfupi, kwa sababu maji, damu na bakteria vinamiminika kuelekea kooni.
- Mtapima nini? Natarajia kusikia presha, oksijeni, kaboni dioksidi ya pumzi, mapigo na umeme wa moyo, na joto.
- Mtampashaje joto?
- Mtatumia ganzi ya mishipa ya fahamu mdomoni kabla ya kung'oa?
- Mna eksirei ya meno, na mtapiga mdomo mzima?
- Baada ya kazi atakaa na nani hadi awe macho kabisa?

Nafafanua mawili. Ganzi, kama lidokeini au bupivakeini inayodungwa karibu na mshipa wa fahamu wa taya, huzuia maumivu yasifike kwenye ubongo. Mbwa asiyehisi maumivu huhitaji hewa ya usingizi kidogo zaidi, na kwa kuwa isoflureni ndiyo inayoshusha presha, ganzi nzuri ni kinga ya figo na moyo pia. Kwa mbwa anayerudi mara kwa mara ningeiweka ganzi juu ya orodha.

Eksirei nayo huokoa nusukaputi. Jino linaloonekana zima linaweza kuwa na mzizi uliooza. Kliniki isiyo na eksirei itasafisha leo, na baada ya miezi mitano jipu litamrudisha mezani. Kama una nafasi ya kuchagua, safiri kidogo zaidi uende kwenye eksirei.

Hatua ya tano: siku ya kuamkia na asubuhi yenyewe

Chakula cha mwisho na maji vifuate maagizo ya kliniki. Kwa mbwa aliyekomaa mwenye afya miongozo mingi ya sasa inataja saa nne hadi sita bila chakula, maji yakiruhusiwa hadi karibu na kuondoka. Kliniki nyingi bado husema aache kula tangu usiku. Watoto wa mbwa na wale wadogo sana hawapaswi kufungishwa muda mrefu, sukari yao hushuka upesi. Akiiba kipande cha mkate asubuhi, sema. Hakuna atakayekulaumu, na kuahirisha kwa siku moja ni bora kuliko chakula kuingia mapafuni.

Dawa za kila siku zinahitaji maagizo ya maandishi, moja moja. Nyingi za moyo, kama pimobendani, kwa kawaida huendelea. Zile za kushusha presha za kundi la enalaprili na benazeprili mara nyingi husimamishwa asubuhi hiyo. Insulini hupunguzwa na chakula hupangwa upya. Hilo usilikisie mwenyewe hata kidogo.

Mbwa anayeikumbuka kliniki kwa hofu ni tatizo la kweli la nusukaputi za kurudiarudia. Mnyama aliyepaniki anahitaji dawa nyingi zaidi ili alale, na moyo wake unaanza safari ukiwa juu. Mwambie daktari mapema. Anaweza kukupa gabapentini au trazodoni ya kumpa nyumbani kabla ya kuondoka. Kati ya ziara za matibabu, mpeleke kliniki mara mojamoja bila kufanyiwa chochote: apimwe uzito, apewe kitu anachokipenda, mrudi.

Jambo la mwisho kabla hujamwacha: maliza suala la ridhaa. Meno mabaya hujulikana baada ya eksirei, mbwa akiwa tayari amelala, na daktari atakupigia simu. Kila dakika ambayo simu inaita bila kupokelewa ni dakika ambayo mbwa amelala bure. Andikeni kabla: meno ya aina gani ang'oe bila kukuuliza, yapi akupigie, na usipopatikana afanye nini. Kisha kaa na simu mkononi.

Mezani

Huhitaji kujua kila kitu kinachotendeka, ila ni vizuri ujue mtiririko. Dawa ya kutuliza na ya maumivu, kanyula, oksijeni ya kuvuta kabla, propofoli au alfaksaloni polepole hadi alale, mpira wa kupumulia, halafu hewa ya usingizi. Kisha ukaguzi wa kila jino kwa kijiti chenye alama za milimita. Kwa mbwa, kina cha hadi milimita tatu kati ya ufizi na jino ni cha kawaida. Eksirei, kusafisha juu na chini ya ufizi, ganzi na kung'oa panapohitajika, kung'arisha.

Adui wa kimyakimya ni baridi. Mdomo umeloa, maji ya mashine yanatiririka, mwili hauwezi kutetemeka ukiwa umelala. Mbwa wa kilo tatu anaweza kupoteza digrii mbili kabla ya saa kuisha. Mwili uliopoa huondoa dawa polepole, na mbwa huamka kwa taabu. Godoro la joto, soksi miguuni na taulo kavu shingoni vinaonekana vitu vidogo, lakini ndivyo vinavyotofautisha mbwa anayekaa mwenyewe baada ya dakika 15 na yule anayelala saa nzima akitetemeka.

Kazi ikionekana itavuka saa mbili au tatu, kuigawa mara mbili ni uamuzi wa busara. Watu hushangaa kwamba nusukaputi mbili zinaweza kuwa salama kuliko moja. Kadiri muda unavyorefuka ndivyo joto na presha vinavyoshuka na mikono ya daktari inavyochoka. Upande mmoja leo, mwingine baada ya wiki kadhaa ufizi ukishapona, ni mpango wa kawaida kabisa, na mbwa mzima hahitaji miezi ya kupumzika katikati.

Hatua ya sita: saa tatu za kuamka, kisha nyumbani

Kumbuka ile nusu ya vifo inayotokea baadaye. Hewa ya usingizi ikizimwa, mbwa anapaswa kuwa na mtu kando yake, akiendelea kupewa oksijeni, kitambaa chochote kilichowekwa kooni kikiwa kimetolewa na kuhesabiwa. Mpira hutolewa anapoanza kumeza. Kwa mbwa wa pua fupi huachwa zaidi, hadi ainue kichwa na kuanza kuukataa mwenyewe, kwa sababu ukitoka mapema nyama laini za koo huangukia njia ya hewa. Usione vibaya ukiambiwa usubiri saa mbili zaidi kabla ya kumchukua. Kliniki inayomkabidhi mbwa anayeyumba bila kujua alipo ndiyo ya kutilia shaka.

Nyumbani mlaze sakafuni mahali pa joto, mbali na ngazi, mbali na mbwa wengine. Maji kidogo, chakula laini kidogo jioni. Usingizi mwingi siku hiyo, kulialia kidogo na kikohozi chepesi cha siku moja au mbili ni vya kawaida. Piga simu mara moja ukiona ufizi mweupe au wa bluu, pumzi ya taabu, damu isiyokoma, kutapika mfululizo, au asipoamshika vizuri. Asipokojoa kwa siku nzima au akigoma kula kesho yake yote, piga pia.

Dawa za maumivu ziwe alizoandikiwa yeye. Ibuprofeni ya binadamu ni sumu kwa mbwa, na paracetamol si ya kumpa kwa kukisia. Malizia dozi hata akionekana amechangamka.

Hatua ya saba: punguza haja ya mara ijayo

Ukoga laini huanza kurudi ndani ya siku moja baada ya kusafishwa, na ndani ya siku chache huanza kuwa mgumu. Mswaki wa kila siku unauwahi kabla haujagangamala. Mara moja kwa wiki hausaidii sana. Subiri vidonda vipone, mara nyingi wiki mbili hivi au daktari anaposema, ndipo uanze.

Anza kwa kidole kilichofungwa kitambaa chenye maji, sekunde chache, nje ya machonge. Siku zinavyokwenda sogea nyuma. Huna haja ya kumfungua mdomo: inua tu shavu, weka mswaki laini kwa mshazari pale jino linapokutana na ufizi, zungusha taratibu. Gego kubwa la juu nyuma lipewe muda zaidi, maana mfereji wa mate hufungukia hapo na ukoga hugandia hapo kwanza. Dawa ya meno iwe ya mbwa. Ya binadamu inaweza kuwa na ksailitoli, ambayo hata kidogo tu humshusha mbwa sukari kwa hatari. Vitafunwa vyenye alama ya VOHC, baraza linalothibitisha bidhaa za meno ya wanyama, vimejaribiwa na vinasaidia. Mifupa, kwato na pembe ngumu viondoe: huvunja lile gego kubwa, na jino lililovunjika ni nusukaputi nyingine.

Hatua ya nane: arudi lini

Hakuna idadi ya juu ya nusukaputi katika maisha ya mbwa, na tarehe haipangwi kwa kalenda peke yake. Mbwa mwenye ufizi uliovimba tu, anayepigwa mswaki kila siku, anaweza kukaa mwaka au zaidi huku akikaguliwa akiwa macho. Mwenye mfupa ulioliwa kati ya robo na nusu ya mzizi, na jino limebakizwa, anahitaji kuangaliwa tena kwa eksirei baada ya miezi michache, na maana ya eksirei ni kulala tena.

Hapo ndipo mazungumzo ya kweli na daktari yanapohitajika. Kulibakiza jino bovu ni ahadi: mswaki kila siku kutoka kwako, na nusukaputi za ukaguzi kutoka kwa mbwa. Mnyama asiyekubali mswaki, au aliyefika daraja la 3, ahadi hiyo inamgharimu yeye. Kwa mbwa wa namna hiyo mimi naunga mkono kung'oa meno yote yasiyo na matumaini mapema, angali ana nguvu za kuvumilia kazi ndefu, kwa awamu mbili ikibidi. Mdomo ukishapona hula chakula laini bila shida, na mbwa wengi walioondolewa karibu meno yote hurudi hata kwenye chakula kikavu baada ya wiki chache, ufizi wao ukiwa umekakamaa na maumivu yameondoka.